Kilele, Pumzi na Pumziko: Shairi Fupi la Goethe la Kilimani Likisomwa kwa Kiswahili

Utangulizi

Tangu ushairi wa kigeni uanze kusomeshwa katika idara zetu za lugha, kumekuwapo rai mbili zinazopingana ambazo, ajabu ni kwamba, humfikisha mwanafunzi mahali pamoja. Rai ya kwanza yashikilia kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilizaliwa na kulelewa pwani, kina utajiri wa maneno ya bahari, majahazi, minazi na pepo za misimu, lakini hakina hazina ya kutosha ya kubeba mashairi ya vilima, misitu ya baridi na kimya cha jioni cha nchi za kaskazini. Rai ya pili yatoka upande mwingine kabisa. Yasema kwamba mashairi ya namna hiyo ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba mwanafunzi wa Afrika, mwenye ardhi ya kupigania na historia ya kukumbuka, hana sababu ya kupoteza wakati wake juu ya mtu aliyepanda kilima akaitazama miti. Wa kwanza wanasema hatuwezi kulisoma shairi kama hilo kwa lugha yetu. Wa pili wanasema hatuna haja nalo. Matokeo ni yale yale: kitabu chafungwa.

Makala haya yanakusudia kuzipima rai hizo mbili kwa kulichunguza shairi moja tu, tena fupi mno. Ni shairi la Johann Wolfgang von Goethe lililoandikwa mwaka 1780 juu ya Kickelhahn, kilima chenye msitu wa jamii ya misonobari kilicho juu ya bonde la mto Ilm, karibu na mji mdogo wa Ilmenau nchini Ujerumani. Hatukusudii kuongeza tafsiri nyingine katika orodha ndefu ya tafsiri zake. Tunakusudia kuyapima maneno ya Kiswahili ambayo mfasiri yeyote hatakuwa na budi kuyatumia, na kuona kama ni kweli kwamba yanapungukiwa. Tutadai kwamba hayapungukiwi. Tutadai pia kwamba wale wanaoliona shairi hili kuwa ni kukimbia mambo ya watu hawajalisoma hadi mwisho wake.

Kilima na shairi

Tarehe 6 Septemba 1780, Goethe, akiwa na umri wa miaka 31 na mtumishi mkubwa katika serikali ya Mtawala Karl August wa Weimar, alipanda Kickelhahn akalala katika kibanda cha mbao cha wawindaji kilichokuwa karibu na kilele. Huko aliandika kwa penseli, ukutani mwa kibanda, mishororo minane. Shairi lilipochapishwa kwa idhini yake mwaka 1815, halikupewa hata jina la peke yake: liliwekwa chini ya shairi jingine la msafiri wa usiku, alilolitunga mwaka 1776 katika mteremko wa mlima Ettersberg, na kichwa chake kilieleza tu kwamba hili nalo ni la namna ile ile.

Maudhui yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Juu ya vilele vya milima kumetulia. Katika vilele vya miti huwezi kusikia hata pumzi. Ndege wadogo wamenyamaza msituni. Kisha msemaji anamgeukia mtu, ambaye huenda ni yeye mwenyewe, akamwambia asubiri, kwa kuwa naye si muda atapata utulivu kama huo. Basi. Maneno yote ni 24. Hakuna sitiari ya kutafuta, hakuna dua, hakuna mafundisho.

Shairi hili limetiwa katika muziki na watunzi kadhaa, Schubert na Schumann wakiwa miongoni mwao, na limefasiriwa katika lugha nyingi. Kuna habari moja zaidi ambayo mhakiki hawezi kuiacha. Tarehe 27 Agosti 1831, siku moja kabla ya kutimiza miaka 82, Goethe alirudi katika kibanda kile akifuatana na mkaguzi wa migodi, Johann Christian Mahr. Aliyakuta maandishi yake yangali ukutani. Mahr ameeleza kwamba mzee aliyasoma, machozi yakamtoka, akayarudia maneno ya mwisho. Wakati huo Charlotte von Stein, aliyekuwa akimwandikia barua za Ilmenau, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1827. Karl August mwaka 1828. Na mwana wake wa pekee aliyekuwa hai, August, alifia Rumi mwaka 1830. Goethe mwenyewe alifariki tarehe 22 Machi 1832. Kibanda kiliteketea kwa moto mwaka 1870 na kikajengwa upya mwaka 1874.

Kupanda na kushuka

Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kwamba mpangilio wa shairi si wa bahati nasibu. Laanza na mawe ya mlima, laja kwenye mimea, kisha wanyama, na mwisho binadamu. Goethe alikuwa mtu wa sayansi, mwenye kuchunguza miamba, mimea na mifupa, na ngazi hii ya viumbe ilikuwa mawazoni mwake daima. Maelezo haya ni sahihi; lakini yanasahau jambo moja, nalo ni miguu ya aliyeandika.

Mwandishi wa makala haya alipata kukipanda kilima hicho alipokuwa akisomea shahada ya uzamili nchini Ujerumani. Kwa mtu aliyetoka nyanda za juu za Kenya, si mlima wa kujivunia. Kilele chake kiko mita 861 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi yenyewe, pamoja na masoko na magari yake, iko juu karibu mara mbili ya hapo. Njia huanzia sokoni mjini Ilmenau. Mwanzo wa safari mtu husikia sauti za watu: mlango unafungwa, mtu anaita mtoto, gari linapita. Akisha kuingia msituni, sauti hizo hufifia, akabaki na ndege. Akizidi kupanda, ndege huwa wachache, akabaki na uvumi wa upepo katika vilele vya miti. Na akifika juu, mahali ambapo miti inaachana, huona migongo ya vilima vya Thüringen imelala mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna kinachosema.

Yaani, mpandaji hupita kwanza kwa watu, kisha kwa ndege, kisha kwa vilele vya miti, na mwisho hufika kwenye vilele vya milima. Shairi linafuata njia hiyo hiyo kinyumenyume. Linaanza pale safari inapoishia, likateremka daraja kwa daraja hadi likamkuta mtu. Kwa hiyo, ijapokuwa liliandikwa na mtu aliyepanda, shairi lenyewe ni la kushuka.

Jambo hili lina uzito mkubwa tukilinganisha na barua aliyomwandikia Charlotte von Stein siku ile ile. Humo Goethe anaeleza kwamba amekwenda kulala mlimani ili aepukane na ghasia za mji mdogo, na malalamiko na madai ya watu na mchafuko wao usiotengenezeka. Hayakuwa maneno ya mpita njia. Goethe alikuwa amekabidhiwa kazi ya kuzifufua shughuli za migodi ya Ilmenau, na madai ya watu wa mji yalimhusu kikazi. Basi alipanda ili awakimbie watu. Lakini shairi alilolitunga halikumruhusu kukimbia. Mshororo kwa mshororo lilimteremsha, na neno la mwisho ambalo lilimpokea lilikuwa neno la kuunganisha, lenye maana ya kwamba na wewe pia umo. Anayelisoma shairi hili kama wimbo wa mtu aliyejitenga na wanadamu amesoma mishororo sita akaiacha miwili.

Vina bila mizani

Kabla ya kuyaangalia maneno, yafaa tuseme machache kuhusu fani. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu mgogoro uliozuka kuhusu umbo la ushairi wetu. Upande mmoja walikuwa wale walioshikilia vina na mizani kuwa ndio uti wa mgongo wa shairi, wakitegemea kanuni kama zile alizozikusanya Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Na upande mwingine wale walioandika bila ya kufungwa na kanuni hizo, kama Euphrase Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka 1974.

Shairi la Goethe haliko upande wowote kati ya hizo mbili. Vina vyake vimekamilika: kila mshororo una mwenzake, na mishororo minne ya mwisho imefungana kwa vina vya kukumbatiana, wa nje kwa wa nje na wa ndani kwa wa ndani. Mwanamapokeo hatakuta mshororo ulioachwa mkiwa. Lakini mizani zake zinakwenda hivi: 6, 2, 5, 3, 4, 9, 5, 4. Mshororo wa pili una mizani mbili tu, na wa sita una tisa. Mtu aliyezoea urari wa tarbia atasema kwamba hapa pana mkono mrefu na mkono mfupi.

Tukichunguza, hata hivyo, tutaona kwamba urefu wa mishororo unafuata pumzi ya mtu aliyefika juu akiwa amechoka. Mshororo mmoja unatoka, wa pili unakatika. Mwingine unatoka, mwingine unakatika. Mshororo mrefu wa ndege waja pale ambapo pumzi imekwisha kurudi. Somo tunalolipata ni kwamba vina na mizani si mapacha walioungana hata mmoja asiweze kuishi bila mwenziwe. Mfasiri atakayelilazimisha shairi hili kuwa na mizani nane kwa nane atakuwa ameliua, na yule atakayevitupa vina vyake kwa jina la uhuru atakuwa ameliua vile vile.

Maneno manne

Sasa na tuje kwenye tuhuma ya umaskini wa lugha. Tutachukua maneno manne.

Neno la kwanza ni kilele. Katika Kijerumani, shairi limesimama juu ya maneno mawili yanayolingana kwa vina, Gipfel na Wipfel: la kwanza ni ncha ya mlima, la pili ni ncha ya mti. Wafasiri wa lugha nyingi hulia hapa, kwa sababu katika lugha zao maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mrusi Lermontov, aliyelifasiri kwa uhuru mkubwa mwaka 1840, aliiacha ncha ya mti kabisa. Aliwaacha na ndege pia, akatia mabonde yenye ukungu na njia isiyotimka vumbi. Kiswahili hakina haja ya kulia. Kilele ni cha mlima na kilele ni cha mti. Kile ambacho Goethe alikitafuta kwa kina, lugha yetu inacho kwa neno moja. Mswahili alipoutazama mti na mlima aliona kwamba ni kitu kimoja kinachoishia juu.

Hapa pana mtego ambao hapana budi tuutaje. Kati ya kilele na kelele ni irabu moja tu, na mfasiri mwenye kupenda ustadi atashawishika kusema kwamba kileleni hakuna kelele. Na ajizuie. Shairi hili halichezi. Uzuri wake wote uko katika kutojipamba.

Neno la pili ni pumzi, pamoja na ndugu yake pumzika. Katika Kijerumani, neno la pumzi inayokosekana mitini na neno la utulivu unaongojwa na mtu ni maneno mawili yasiyo na nasaba. Uhusiano wao katika shairi ni wa maana tu. Katika Kiswahili pumzi, pumua na pumzika ni maneno ya shina moja. Kupumzika, kwa asili yake, ni kuirudisha pumzi. Na hapo ndipo Kiswahili kinapolikaza shairi kuliko asili yake: mitini hamna pumzi, na mtu anaahidiwa kupumzika. Ndiyo kusema, anaahidiwa pumzi, au anaahidiwa mwisho wa pumzi? Wahakiki wa Ujerumani wamebishana kwa muda mrefu kama utulivu wa mwisho wa shairi ni usingizi wa usiku mmoja au ni mauti. Kwetu neno lenyewe linabishana. Mfanyakazi akiketi chini ya mti adhuhuri tunasema amepumzika. Mzee akifariki tunasema vile vile amepumzika. Goethe wa mwaka 1780 na Goethe wa mwaka 1831 wote wamo ndani ya kitenzi kimoja.

Neno la tatu ni ndege. Yamkini msomaji atacheka akikumbuka kwamba leo ndege hutua Embakasi ikiwa na abiria. Lakini Kiswahili cha zamani kina maana nyingine ya neno hili, nayo ni ishara au dalili, njema au mbaya, anayokutana nayo mtu aliyeanza safari. Katika shairi la msafiri, maana hiyo haiwezi kupuuzwa. Ndege walionyamaza ni viumbe waliolala. Na ni dalili pia zilizokataa kusema.

Neno la nne ni ngoja. Wapo watakaochagua subiri, na subiri ni neno zuri; lakini limekuja na subira ya dini na mawaidha, na shairi hili halina mawaidha. Ngoja ni neno la mlangoni na la njiani. Tena lina pande mbili. Mama humwambia mtoto anayelia angoje kidogo, akimbembeleza. Na mtu aliyekasirika humwambia hasimu yake angoje tu, naye anajua kwamba ametishwa. Kauli ya Kijerumani aliyoitumia Goethe ina pande hizo hizo mbili, ya kubembeleza na ya kutisha, na ndiyo sababu mishororo miwili ya mwisho haijapata kuwa tamu tupu. Lugha ambayo tunaambiwa haiwezi kupanda kilima hiki imefika juu na mzigo wote.

Wala namna hii ya kujisemesha mbele ya mauti si ngeni kwetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, ambayo wataalamu wengi huiweka mwanzoni mwa karne ya 19, anausemesha moyo wake mwenyewe mbele ya majumba ya Pate yaliyoanguka. Tofauti yafundisha. Kule Pate, watu wamenyamaza na ndege wanafanya viota katika vidaka vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya thamani. Kule Kickelhahn, ndege wamenyamaza na mtu ndiye anayesalia kusema. Washairi wawili walioishi katika zama zilizokaribiana, mmoja mbele ya magofu na mmoja mbele ya msitu, waliuliza swali moja.

Msonobari usiokuwamo

Jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wakisha kuambiwa ni hili: katika shairi zima hakuna mti uliotajwa kwa jina. Kuna vilele na kuna msitu, basi. Kila anayeukumbuka msonobari katika shairi hili ameutoa katika picha, au katika kilima chenyewe, ameupanda humo kwa mkono wake. Mfasiri wa Kiswahili naye hushawishika kuupanda, kwa dhana kwamba neno msonobari, ambalo asili yake ni Kiarabu, litampa msomaji harufu ya ugeni.

Litampa nini hasa? Msomaji wa pwani ataufikiria mvinje, ambao majani yake membamba huvuma kama ya msonobari ilhali si wa jamii hiyo. Msomaji wa Limuru, Elburgon au Timboroa hatafikiria ugeni wowote. Kwake msonobari ni shamba la serikali: miti iliyopandwa kwa mistari, yenye umri mmoja na kimo kimoja, ikingojea msumeno. Mbegu zake zililetwa kutoka Meksiko na California, na kwa miaka mingi magogo yake yalikwenda kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Mti wetu wa asili wenye majani ya namna hiyo ni mtarakwa, nao hauoti kwa mistari.

Tena mstari ule una historia. Elimu ya kupanda misitu kwa hesabu ilikuzwa sana katika nchi za Wajerumani, na haikuzaliwa kwa mapenzi ya kimya cha jioni. Hans Carl von Carlowitz, aliyeandika mwaka 1713 kitabu mashuhuri cha kuhimiza kwamba msitu usikatwe kupita unavyoota, alikuwa mtawala wa migodi ya Saxony, na alichokihofia ni kwamba migodi ingekosa kuni. Maarifa hayo yalifika India, ambako Mjerumani Dietrich Brandis alifanywa mkuu wa misitu mwaka 1864, na kutoka huko yakaenea katika makoloni mengine ya Waingereza. Kwa hiyo safu za misonobari za nyanda zetu na msitu wa Kickelhahn ni watu wa ukoo, ijapokuwa hawajuani.

Nchini Kenya, utaratibu ulioanzishwa mwaka 1910 ulimruhusu mkulima asiyekuwa na ardhi kulima mahindi na viazi kati ya miche kwa miaka michache, huku akiipalilia. Miti ikisha kufunga kivuli, kazi yake imekwisha, alipaswa kuhama. Mtu akiingia leo katika shamba la misonobari lililokomaa, atakuta kimya ambacho mtu wa mjini atakiita amani. Sakafu imejaa sindano kavu, ndege ni wachache kuliko katika msitu wa asili, na hakuna mtu. Lakini kimya hicho ni cha mkulima aliyeondoka. Basi mfasiri akiandika msonobari, ajue kwamba anamwingiza mtu huyo katika shairi. Goethe hakuutaja mti kwa jina, na mfasiri mwaminifu hatautaja. Mhakiki, kwa upande wake, hana ruhusa ya kumsahau aliyeupanda.

Kimya cha nani?

Hapa tunairudia rai ya pili, kwamba shairi hili ni anasa. Jibu jepesi lingekuwa kusema kwamba uzuri hauna nchi. Halitoshi. Ni afadhali tuisome tena ile barua ya Septemba 1780. Jua likiwa limekwisha kutua, Goethe anaeleza kwamba mandhari yote ingekuwa haina mwendo hata kidogo, isipokuwa moshi uliokuwa ukipanda hapa na pale kutoka kwenye matanuri ya makaa.

Moshi huo haumo katika shairi. Wachoma makaa walikuwa kazini chini ya vilele vile vile, usiku ule ule, na tanuri la makaa, kama ajuavyo kila mtu wa Ukambani au Baringo, halimruhusu mwenyewe kulala: likipata upepo mwingi huteketea likawa majivu. Goethe aliwaona, akawaandika katika barua, akawaacha nje ya mishororo minane. Je, hili ni kosa la shairi? Mwandishi wa makala haya haoni hivyo, kwa sababu ile ile iliyotajwa juu. Shairi linaishia kwa mtu bila kumtaja jina, cheo wala kazi. Katika Kiswahili hali hii ni wazi zaidi, kwa kuwa nafsi ya pili haibagui mwanamume na mwanamke, wala haina umbo moja la rafiki na jingine la bwana. Nawe ni neno ambalo mchoma makaa anaweza kulipokea. Tena yeye ndiye anayelihitaji zaidi kuliko mtumishi wa serikali aliyepanda kulala kibandani.

Wajerumani wenyewe hawakuliachia shairi hili lilale. Bertolt Brecht, katika mkusanyo wake wa mwaka 1927, alitunga liturujia ya kejeli ambamo bikizee anakufa kwa njaa kwa kuwa mkate wake umeliwa na askari, na kila mara tunaambiwa kwamba ndege msituni wamenyamaza. Kimya cha ndege kimekuwa kimya cha wale walioona wasiseme. Miaka kumi baadaye, mwaka 1937, juu ya Ettersberg, mlima wa shairi lile la kwanza la msafiri wa usiku, palijengwa kambi ya mateso ya Buchenwald. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kwamba kilima chenye msitu ni mahali palipo nje ya historia.

Msomaji wa Kenya halihitaji somo hilo kutoka mbali. Kwa mpiganaji aliyejificha katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, ndege kunyamaza ghafla hakukuwa utulivu. Kulikuwa habari: kuna mtu anakuja. Mwanafunzi ambaye babu yake alikuwamo msituni atausoma mshororo wa sita wa Goethe akashtuka kabla ya kutulia, na mwalimu asimkosoe. Mshtuko huo ni usomaji halali. Unamfikisha kwenye ule upande wa pili wa ngoja ambao tumeutaja, upande wa kutisha, ambao msomaji aliyeketi kwa starehe huchelewa kuuona.

Hitimisho

Tumeona kwamba kwa neno kilele Kiswahili kinatoa kwa wepesi kile ambacho lugha nyingine hukikosa. Kwamba kwa pumzi na pumzika kinayaunganisha yale ambayo asili iliyaacha mbalimbali. Na kwamba ngoja ina makali na upole wa kutosha. Rai ya kwanza, basi, haina msingi. Anayesema kwamba lugha yetu haiwezi, aghalabu hajaijaribu. Shaaban Robert alimtia Omar Khayyam katika Kiswahili mwaka 1952 kwa kupitia Kiingereza, na hakuna aliyemwambia kwamba Mvita na Tanga hazina bustani za Uajemi.

Rai ya pili ni nzito zaidi, na hatudai kwamba tumeimaliza. Ni kweli kwamba kuna kusoma mashairi ya vilima ambako ni kujificha. Dawa yake ni kuyasoma hadi mwisho, na kuuliza moshi ule unaopanda bondeni ni wa nani. Tangu mwaka 2018, ukame na wadudu wanaotoboa magome vimeua miti mingi ya jamii hii katika misitu ya Thüringen, na vilima ambavyo kwa vizazi viwili au vitatu vilikuwa kijani sasa vina mabaka ya kijivu. Hata kule, kimya cha vilele vya miti kimeanza kuwa na maana ambayo Goethe hakuijua.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja la kikazi. Shairi hili lina maneno 24, na laweza kuandikwa ubaoni katika dakika mbili pamoja na maelezo ya kila neno. Wanafunzi waachwe walifasiri, wabishane juu ya ngoja na subiri, na pumzi na upepo. Kisha wale wa nyanda za juu wapewe kazi ya pili: kutunga, kwa vina au bila vina, shairi la shamba la misonobari lililo karibu na kwao, ambamo aliyepalilia miche ile ametajwa. Shairi hilo mwandishi huyu bado hajalisoma katika Kiswahili, naye angefurahi kulichapisha katika kurasa hizi.